Ruzuku ya kuwarudisha kazini maveterani wasio na makazi: je, kodi ya nyumba iingie kwenye bajeti?

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi ni Mkenya, nilitumikia jeshi la Marekani, na sasa naishi Houston. Tuna shirika dogo lisilo la faida, watu watatu na gari moja, tunawatafutia kazi maveterani wanaolala kwenye magari na chini ya madaraja. Tunataka kuomba ruzuku ya HVRP, ile ya serikali kuu ya Marekani ya kuwarudisha kazini maveterani wasio na makazi. Rasimu ya bajeti yetu ni dola 480,000 kwa mwaka, na 190,000 kati yake ni kodi ya nyumba, maana mtu asiye na pa kulala hawezi kushika kazi. Mshauri mmoja ametuambia tutakataliwa. Ni kweli? Na shirika ambalo halijawahi kupokea fedha za serikali kuu lina nafasi?

JIBU: Ndugu yangu, nashukuru umeuliza kabla ya kutuma. Mshauri wenu amesema kweli, ingawa hoja yenu nayo ni ya kweli. Mtu anayenawa uso kwenye choo cha kituo cha mafuta saa kumi alfajiri hawezi kuwahi zamu mwezi mzima. Nimeshuhudia hilo mara nyingi, sitabishana nawe.

Tatizo ni mlango mliougonga. HVRP ilitokana na sheria ya McKinney ya mwaka 1987 ya kuwasaidia wasio na makazi, lakini husimamiwa na Wizara ya Kazi, kupitia ofisi yake ya ajira na mafunzo kwa maveterani. Wanaopitia maombi wanatafuta ajira: nani atapata kazi, kwa mshahara gani, na kama bado atakuwa kazini miezi kadhaa baadaye. Wakiona asilimia 40 ya fedha imekwenda kwenye kodi, watauliza kwa nini mnarudia kazi ambayo wengine tayari wanalipwa kuifanya.

Na kweli wapo wanaolipwa. Wizara ya Maveterani, VA, hutoa fedha za SSVF kwa mashirika ya kila eneo, nayo huzitumia kulipa kodi, amana na malimbikizo ili mtu aingie nyumba haraka au asifukuzwe aliyomo. Ipo HUD-VASH, ambamo Wizara ya Nyumba hutoa vocha ya kodi na VA humpa mtu msimamizi wa kumfuatilia. Yapo pia makazi ya mpito ya GPD, ambayo VA huyalipia kwa siku. Houston wenzenu wamezipanga hizi vizuri kuliko miji mingi: mtandao wa mashirika uitwao The Way Home una mfumo mmoja wa kuwapokea na kuwagawa watu, na Juni 2015 jiji lilitangaza kwamba limefikia kiwango cha kumpatia nyumba kila veterani anayeihitaji. Kwa nchi nzima, hesabu ya usiku mmoja wa Januari ilikuta maveterani 74,087 wasio na makazi mwaka 2010, na 32,882 mwaka 2024. Vocha na SSVF zina mchango mkubwa katika kushuka huko.

Kwa hiyo zile dola 190,000 ziondoeni, na mahali pake wekeni hati ya makubaliano na shirika ambalo tayari hulipwa kuwapatia watu nyumba. Hapa ndipo maombi mengi niliyoyasoma yanapolegea. Watu huambatanisha barua tamu za pongezi: "tunalifahamu shirika hili na tunaunga mkono juhudi zake." Barua hiyo haimlazi mtu ndani. Hati yenye nguvu ina idadi, siku na cheo cha mhusika. Iseme, kwa mfano, kwamba shirika la SSVF litapokea hadi watu 60 kutoka kwenu kwa mwaka, litawafanyia tathmini ndani ya siku tano za kazi, na afisa wa cheo fulani atakutana na afisa wenu wa ajira kila Jumanne kupitia orodha ya majina. Msomaji wa ombi akiliona hilo anajua mmeshakaa meza moja.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Tuseme mmeomba dola 480,000 na kuahidi kuandikisha watu 160. Hiyo ni dola 3,000 kwa kila mshiriki. Wakipata kazi 100, kila aliyepata kazi amegharimu dola 4,800. Takwimu hizi mbili hazikwepeki, nanyi mtazitolea ripoti kila robo mwaka. Nakuomba sana msiahidi watu 250 ili gharama kwa kila mtu ionekane ndogo. Mkiwa na maafisa wa ajira wanne, watu 160 ni 40 kwa kila afisa, na hapo bado kuna nafasi ya kumpigia simu mwajiri Jumatatu asubuhi mtu wenu anapokosa kufika. Kwa watu 250 afisa anageuka karani wa kujaza fomu. Zaidi ya hayo, mnapimwa pia kwa walio kazini katika robo ya pili na ya nne baada ya kutoka kwenye programu, na kwa kipato chao cha kati. Kazi ya wiki mbili haitawaokoa.

Fedha mlizookoa zipelekeni kwenye mambo yanayomkwamisha mtu asubuhi ya kwanza: viatu vya usalama, nauli ya mwezi wa kwanza kabla mshahara haujatoka, ada ya leseni ya malori. Kwa Houston ningeongeza kadi ya TWIC, kitambulisho cha usalama cha wafanyakazi wa bandari, kwa kuwa bila hiyo mtu haingii peke yake maeneo yenye ulinzi bandarini, na bandari yenu ni mwajiri mkubwa. Mwenye kosa la zamani kwenye rekodi anaweza kunyimwa kadi hiyo, ila kwa makosa mengi sheria inamruhusu kuomba msamaha. Mwekeeni mtu wa kumsaidia kuandika ombi hilo. Wengi hukata tamaa wakisoma barua ya kwanza tu.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona kwenye rasimu yenu, nami nalijali sana. Maveterani wengi wanaogopa kazi, na hofu yao ina msingi. Mwenye vocha ya HUD-VASH huchangia kodi takriban asilimia 30 ya kipato chake, hivyo akianza kazi mchango unapanda. Anayepokea SSI, yaani posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, hupunguziwa malipo: ukiacha kiasi kidogo cha mwanzo kisichohesabiwa, hukatwa takriban dola 1 kwa kila 2 anazopata kazini. Fidia ya ulemavu ya VA kwa kawaida haiguswi na mshahara, isipokuwa kwa yule anayelipwa kiwango cha juu kwa sababu alithibitishwa kuwa hawezi kufanya kazi. Mtu akisikia haya mtaani nusu nusu, anakataa kazi nzuri. Tengeni saa moja kwa kila mshiriki, pamoja na mshauri wa mafao, wapige hesabu ya mezani kabla ya usaili: leo unapata kiasi gani, ukianza kazi utabaki na kiasi gani. Andikeni hilo kwenye mpango wa huduma. Ni saa moja tu, na huzuia watu kuacha kazi mwezi wa pili.

Kuhusu nani anastahili, someni tangazo la ruzuku la mwaka husika neno kwa neno. Msingi ni kwamba awe ametumikia jeshini katika utumishi wa muda wote (active duty) na kuachishwa kwa masharti yasiyo ya fedheha, jambo linalothibitishwa na fomu DD-214. Aliyeipoteza huomba nakala bila malipo kwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Walio hatarini kupoteza makazi na wanaotoka gerezani nao wamefikiriwa. Washiriki pia wanatakiwa kuandikishwa kwenye kituo cha ajira cha serikali kilicho karibu, kwa hiyo nendeni mkazungumze nao mapema.

Sasa swali lenu la pili. Mashirika yasiyo ya faida yanaruhusiwa kuomba, na hamdaiwi mchango wa fedha zenu. Ila watatazama uwezo. Mna mhasibu? Mna taratibu za maandishi za manunuzi na za saa za kazi? Mnaweza kulipa mishahara ya miezi miwili ikiwa malipo ya serikali yamechelewa? Tangu Aprili 2022 kila mwombaji anahitaji UEI, namba ya utambulisho wa shirika, kutoka SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili waombaji fedha. Niliwahi kuandika ombi la shirika moja lililokwama hapo, kwa sababu jina kwenye cheti cha usajili lilitofautiana kwa neno moja na la kwenye hati za mamlaka ya mapato. Siku ya mwisho ikapita tukiwa bado tunasubiri uthibitisho. Anzeni usajili wiki hii, hata kama tangazo halijatoka. Na kwenye bajeti msisahau gharama za ofisi: tangu Oktoba 2024, asiye na kiwango kilichokubaliwa na serikali anaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabiwa. Mashirika madogo huziacha kwa unyenyekevu, kisha umeme unalipwa kutoka mfukoni kwa mkurugenzi.

Ungeniuliza ningefanya nini kwa watu watatu na gari moja, mwaka huu nisingeomba peke yangu. Ningekwenda kwa shirika la Houston lenye ruzuku hii au linalojiandaa kuiomba, niwaombe mkataba mdogo wa kuwafikia watu mitaani. Nyinyi mnajua madaraja yapi yana watu na nani kati yao yuko tayari. Hilo wao wanalihitaji. Pia Wizara ya Kazi hutoa fedha kidogo kwa ajili ya Stand Down, zile siku za huduma za pamoja zilizoanzishwa na maveterani wa Vietnam huko San Diego mwaka 1988. Ukisimamia moja na ukafunga hesabu zake vizuri, una rekodi ya fedha za serikali kuu mkononi.

Nitumie rasimu ya pili mkishaondoa kodi. Na mkibanwa na hesabu, kateni kwingine. Fungu la viatu na nauli liacheni kama lilivyo.