Nyumba bila dalali: muulize mama wa mahamri

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja, dalali. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kijana aliyeiandika bado hajaliwa sana, na anaweza kuokolewa.

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni kijana wa miaka 26, kwetu ni Voi. Nimepata kazi kwenye bohari ya makontena upande wa Changamwe, na kwa sasa nalala sebuleni kwa mjomba wangu, Mikindani. Natafuta nyumba ya chumba kimoja cha kulala, kodi isizidi 15,000. Dalali wa kwanza alinitoza 1,000 ya kutazama nyumba. Alinionyesha mbili: moja jiko lake halina dirisha, na ya pili tulikuta watu wamo ndani wanakula chakula cha mchana. Dalali wa pili naye anataka 1,000 yake, na nikiipenda nyumba nimlipe kodi ya mwezi mzima. Nikijumlisha kodi, dipoziti na huyo dalali, ni zaidi ya 45,000 na sijanunua hata godoro. Hivi nyinyi watu wa Mombasa nyumba mwapataje? Halafu marafiki wananiambia nihamie Bamburi, ati ndiko kwenye raha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na Bamburi ili tuimalize. Kazi yako iko magharibi, Bamburi iko kaskazini, na kati yake kimekaa kisiwa kizima. Kila alfajiri utavuka Daraja la Nyali uingie mjini, utoke tena kwa Makupa, na jioni urudi njia ile ile na matatu zimesimama kama mkufu. Hiyo raha ya Bamburi utaionja Jumapili peke yake. Tafuta Mikindani hapo hapo ulipo, au Magongo, Chaani, Port Reitz. Mjomba wako atakusaidia zaidi ya unavyodhani, na nitakueleza kwa nini.

Dalali hana nyumba. Alicho nacho ni habari: namba ya keateka, yule mtunzaji wa jengo fulani, ambaye humpigia simu dalali mara mpangaji anapotoa notisi. Wewe unalipa kodi ya mwezi mzima kwa simu ya dakika mbili. Basi kazi yako ni kuipata habari hiyo kabla yake, na katika mitaa yetu habari za nani anahama hazianzii kwa keateka. Zinaanzia kwenye karai la mahamri.

Nyumba ninayokaa sasa, hapa Tudor, niliipata mwaka 2016 kwa sahani ya mbaazi. Nilikuwa nimezunguka Jumamosi mbili bila kitu, nikaketi kwenye benchi la mama mmoja anayepika nje ya lango. Nikala, nikamuuliza kama anajua nyumba iliyo wazi. Hakuinua macho, aligeuza hamri, likavimba, akasema, "Wazi hakuna. Lakini yule mwalimu wa ghorofa ya pili kanilipa deni lote jana. Mia tatu na arobaini. Miaka minne nampikia, hajawahi kulipa lote." Nikanawa mikono nikapanda ngazi. Nilimkuta mwalimu sebuleni anafunga vikombe kwa magazeti. Amehamishiwa Kilifi, anaondoka Ijumaa, na keateka bado hajaambiwa. Alinipa namba ya mwenye nyumba pale pale, na mwenye nyumba alifurahi kupata mpangaji kabla chumba hakijakaa mtupu hata usiku mmoja. Siku hiyo gharama yangu ilikuwa mbaazi, mahamri manne na chai.

Watu wetu wanaweza kuondoka na deni la kodi. Deni la mbaazi hulipa. Kwa hiyo mama wa mahamri hujua, na mwenye duka la chini anayeandika madeni kwenye daftari hujua. Hujua pia hamali wa mkokoteni, kwa sababu huwekewa siku mapema. Mpate yule anayeegesha karibu na stendi ya mtaa unaoutaka, umwambie wazi: ukisikia mtu anahama, nipigie, na mzigo wangu utaubeba wewe. Hapo umempa sababu ya kukukumbuka. Na mjomba wako, kama amekaa Mikindani miaka mingi, anajuana na mzee wa mtaa. Akupeleke umsalimie. Mwenye nyumba hapendi kumpa ufunguo kijana asiyejulikana anatoka wapi, lakini "mpwa wa fulani" tayari ana mahali pa kutafutwa akikwepa kodi.

Tembea kwa miguu. Anza tarehe 20 hivi, watu wameshatoa notisi na hawajaondoka, na nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Angalia vibao. Kibao kilichofungwa langoni aghalabu kimewekwa na mwenye nyumba au keateka. Kilichogongomewa kwenye nguzo ya stima njia panda, kisichotaja hata jengo, hicho ni cha dalali. Picha za WhatsApp zitazame ujue bei za mtaa, basi. Sebule moja yenye vigae vyeupe nimeionyeshwa ikiwa Nyali, ikiwa Kiembeni na ikiwa Mtwapa, wiki moja.

Usilipe chochote kabla ya kujua nyumba ni ya nani. Hili silisemi kwa kusikia. Mwaka 2009 nilipata nyumba Bombolulu kupitia kijana mtanashati sana, mwenye karatasi na mhuri. Nilimlipa kodi na dipoziti taslimu, akanipa ufunguo, nikaujaribu mwenyewe, kufuli likafunguka. Siku ya kuhama nilifika na mkokoteni saa tatu asubuhi, nikakuta mkokoteni mwingine mlangoni na mwanamke mwenzangu anateremsha kabati. Nilidhani anahama. Yeye alidhani mimi nimekuja kumsaidia jirani. Kila mmoja akatoa ufunguo wake, na zote mbili zilifungua. Tukasimama pale, hamali wawili wanatutazama, mpaka mzee wa ghorofa ya chini akatoka na msuli wake akatuambia kwamba yule kijana si mwenye nyumba wala si ajenti, alikuwa mpangaji wa mwezi mmoja, na kodi yenyewe hakuimaliza. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Yule mwanamke mpaka leo ni shoga yangu, tuliozwa na hasara.

Mzee yule angeniambia hayo siku ya kwanza kama ningemuuliza. Kwa hiyo gonga mlango wa jirani, si wa keateka, umuulize: hapa kodi mnamlipa nani, na kwa njia gani? Akikwambia jina, nawe unapotaka kutuma kwa M-Pesa ukaona jina jingine kabisa kabla hujathibitisha, acha hapo hapo. Mwenye nyumba akiwa anaishi Uarabuni, na wengi wako huko, zungumza naye kwa simu ukiwa na huyo jirani, ambaye sauti anaijua. Upewe mkataba na risiti. Piga picha kila ufa, kila kitasa kibovu na sinki iliyopasuka, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo unapoingia, maana dipoziti hupotelea kwenye ufa uliokuwepo kabla yako. Na kama umeme ni wa tokeni, chukua namba ya mita ununue ya kiasi kidogo kwanza. Ukipata yuniti chache mno, huenda kuna deni la aliyetangulia.

Sasa maji. Hapa nitakuchosha kidogo. Maji ya mfereji ya mji huu hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na Tiwi, na hayatutoshi. Huja kwa zamu. Kwa hiyo "maji yapo" si jibu, kila keateka atakwambia yapo. Tazama ukumbini: ukiona madumu ya manjano yamepangwa nje ya kila mlango, mengine yamefungwa kamba ya rangi ili yasichanganywe, hilo ndilo jibu. Kama jengo lina kisima, onja, usione haya. Kisha omba sabuni unawe mikono. Maji ya chumvi sabuni haitoi povu vizuri. Utaogea hayo, utafulia hayo, na ya kunywa utanunua kwa dumu kila siku, ambayo ni kodi ya pili asiyokutajia mtu. Muuza maji wa mtaa atakwambia jengo lipi humnunua kila siku na lipi humwita mara moja kwa mwezi. Hamia hilo la mara moja.

Na ukipewa ghorofa ya juu kabisa kwa bei nafuu, rudi uione saa nane mchana. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, dari ya zege iliyochomwa jua kutwa hukuangushia joto usiku kucha. Mimi niliwahi kulala kwenye sakafu, kanga mbichi mwilini, miezi miwili.

SWALI: Bi, mimi ni mama wa watoto wawili, napika chakula cha shughuli. Nakaa Likoni, chumba cha 2,500. Mwenye nyumba ametangaza kwa mdomo kwamba kuanzia mwezi ujao ni 4,000, asiyetaka ahame. Nimeona bora nihamie Majengo au Mji wa Kale niwe karibu na wateja. Huko nimeambiwa nyumba hazitangazwi, na kila ninakoenda naulizwa mume yuko wapi. Dalali anasema atanisemea, nimpe 3,000.

JIBU: Mamangu, usihame bado. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Kwa miji ya leo ni kiwango cha kuchekesha, wengi wetu kimetupita zamani, lakini wewe umo ndani yake. Mwenye nyumba wa aina hiyo hana ruhusa ya kukupandishia atakavyo wala kukutupia vyombo nje. Kuna baraza la kusikiliza mashauri ya kodi. Beba risiti zako au jumbe za M-Pesa, uende kwa chifu au kwa watu wa msaada wa sheria wakuelekeze namna ya kupeleka shauri. Endelea kulipa 2,500 yako kwa wakati, na uhifadhi ushahidi.

Ukiamua kuvuka hata hivyo, ni kweli, Mji wa Kale na Majengo nyumba hazitangazwi. Zile nyumba za Kiswahili, vyumba huku na huku na ukumbi katikati, choo na jiko uani, hukaliwa kama familia moja, na mwenyewe huwauliza wapangaji wake kwanza: mnamjua mtu? Wanaume habari huzipata barazani kwenye kahawa baada ya Alasiri. Wewe utazipata uani na kwenye harusi, na harusi unazipikia wewe! Wiki hii hii waambie wateja wako watatu. Suala la mume litaulizwa, silipendi, lakini mteja anayekujua akikupeleka kwa mkono wake huulizwa mara moja na kuisha. Huyo wa 3,000 hatakusemea lolote asilolijua. Uliza pia jambo moja: kiwanja ni cha nani? Sehemu za mji wetu mtu humiliki nyumba na ardhi ni ya mwingine, na hao wawili wakigombana anayelala nje ni mpangaji.

SWALI: Nimesoma makala zako na nimekereka. Mimi ni dalali, mwaka wa kumi na mbili. Nalipa nauli, nalipa simu, wateja wananizungusha siku nzima kisha wanarudi kwa mwenye nyumba kwa mlango wa nyuma. Mbona sisi tu ndio wezi? Wiki hii nina nyumba safi Tudor, vyumba viwili, maji ya mfereji na tangi, na sijapata mtu kwa sababu yako.

JIBU: Sikusema nyote, ingawa naona ulivyosoma. Mtu mgeni kabisa, asiye na mjomba Mikindani wala wateja wa harusi, na aliyepewa siku tatu kuripoti kazini, akikupata wewe mwenye kumwonyesha nyumba za kweli, lipwa ndugu yangu, ni jasho lako. Lipwa baada ya ufunguo. Ugomvi wangu ni ile 1,000 ya kutazama: anayelipwa kwa kuonyesha hana haraka ya kupata. Mwingine ni karatasi. Kazi hii ina sheria, Sura ya 533, inayotaka ajenti asajiliwe na bodi yake. Hukuniambia kama umesajiliwa. Miaka kumi na miwili ungekuwa na cheti cha kuniwekea mezani, nami ningekitaja hapa ukapata wateja bure.

Na hiyo ya Tudor, iko upande gani? Mpwa wangu anaoa baada ya Idi na wanatafuta vyumba viwili. Mwambie mwenye nyumba anipigie.