Anzeni na mkataba kabla ya mgomo: kwa wanaoanza kusoma historia ya viwanda Marekani

Insha yangu ya kwanza kuhusu Marekani ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na sehemu tatu: matajiri, wafanyakazi na mageuzi. Niliijaza majina ya matajiri wa wakati huo, kina Carnegie, Rockefeller na Morgan, nikaipeleka kwa mwalimu nikiwa na hakika ya alama nzuri. Aliirudisha na swali moja tu pembeni: mfanyakazi wa kiwanda cha Homestead alilipwa kwa kipimo gani? Sikuwa na jibu. Baada ya miaka kadhaa ya kuwasaidia wanafunzi wapya, naona wengi hukwama palepale, kwa kuwa tunasoma utajiri katika sura moja na kazi katika sura nyingine, ilhali vyote viwili viliandikwa katika daftari moja la hesabu.

Kwa hiyo someni mkataba kwanza. Katika kiwanda cha chuma cha pua cha Homestead, kando ya mto Monongahela karibu na Pittsburgh, mkataba wa 1889 uliwapa mafundi wa chama cha wafanyakazi ujira wa kila tani, uliopanda na kushuka kufuatana na bei ya chuma sokoni, lakini ukaweka kikomo cha chini: hata bei ikianguka, ujira ungehesabiwa kana kwamba tani bado inauzwa dola 25. Mkataba huo ulipokaribia kwisha Juni 1892, Henry Clay Frick, aliyeendesha kampuni ya Andrew Carnegie, alitaka kikomo kishuke hadi dola 22, kisha akakubali 23. Chama nacho kikashuka hadi 24. Ukiishia hapo utadhani ugomvi wote ulikuwa wa dola moja. Kulikuwa na sharti jingine, ambalo mimi nililiruka mara ya kwanza: kampuni ilitaka mkataba mpya uwe unakwisha Desemba badala ya Juni. Mgomo wa kiangazi familia yaweza kuuvumilia; mgomo wa Januari, bila fedha ya makaa ya kupasha nyumba joto, ni habari nyingine. Sisi tuliokulia pasipo na theluji hatuoni upesi uzito wa tarehe kama hiyo.

Yaliyofuata mtayakuta katika kila kitabu: wafanyakazi kufungiwa nje, walinzi wapatao 300 wa Pinkerton, kampuni binafsi ya ulinzi, kuletwa kwa matishari tarehe 6 Julai, watu kuuawa pande zote mbili, askari wa jimbo kuingia mjini, na mgomo kuvunjika Novemba.

Kuhusu mageuzi, msiishie kwenye mwaka ambao sheria ilipitishwa. Fuatilieni ilimkamata nani. Sheria ya Sherman ya 1890 ilikusudiwa kuyabana makampuni yanayohodhi biashara. Mwaka 1894, mgomo ulioanzia Pullman, kampuni ya kutengeneza mabehewa, ulipokwamisha reli, mahakama ya shirikisho mjini Chicago iliitumia katika amri yake dhidi ya Eugene Debs, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, na viongozi wenzake. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria hiyohiyo haikuigusa kampuni iliyoshika karibu usafishaji wote wa sukari nchini, kwa hoja kwamba kutengeneza bidhaa si kufanya biashara baina ya majimbo.

Mtakutana pia na maktaba, na hapo ndipo insha nyingi hugeuka kuwa ama sifa ama laana. Maktaba ya Homestead, zawadi ya Carnegie, ilifunguliwa mwaka 1898 ikiwa na ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Miaka mitatu baadaye aliuza kampuni yake kwa dola milioni 480. Kabla ya kuandika neno "ukarimu" au "unafiki", tazameni ratiba ya kazi. Chama kilipokwisha kuvunjwa, zamu ya saa 12 ilizidi kuenea, na zamu za mchana na usiku zilipobadilishana, kila baada ya wiki mbili, kundi moja lilifanya kazi saa 24 mfululizo. Viwanda vya chuma vilianza kuiacha zamu ya saa 12 mwaka 1923 tu. Ningeanza kuandika kwa kuuliza mtu wa zamu hiyo angeingia maktaba saa ngapi.