Tisa jukwaani, au watatu tu?

SWALI: Tunaandaa mdahalo wa wagombea udiwani. Wako tisa, ila wenzangu wanataka tuwaite watatu wa vyama vikubwa. Ni haki?

JIBU: Hapana. Waiteni wote watakaokuwa kwenye karatasi ya kura. Kigezo cha kumwita tu mgombea anayeungwa mkono na angalau asilimia 15 ya wapiga kura, kilichoanza kutumika mwaka 2000 kwenye midahalo ya urais Marekani, kilitegemea wastani wa tafiti tano za maoni za nchi nzima. Kwenye kata tafiti hizo hazipo, hivyo mtakuwa mnabahatisha.

Muda unatosha. Kwa dakika 90: utangulizi dakika 2 kila mmoja (18), maswali matano ya dakika moja moja (45), kufunga dakika moja (9). Zinabaki 18 za mwongozaji na wananchi. Kinachoharibu ni kuruhusu wawili wajibizane. Hapo wadogo husahaulika kabisa. Viti vipangwe kwa kura ya bahati nasibu, na anayeanza kujibu abadilike kila swali.

Wakizidi kumi, gawanyeni makundi mawili kwa kura hiyo hiyo mbele ya mawakala wao, kamwe si wakubwa kundi moja na wadogo jingine. Mkilazimika kuchuja, andikeni vigezo kabla ya majina kujulikana.