Maswali na Majibu: Namba 2,147,483,647

Swali: Mwalimu, kwa nini namba 2,147,483,647 hujitokeza mara kwa mara katika kompyuta?

Namba hii ni 2³¹ ukitoa 1. Ikiandikwa kwa kizio cha mbili, huwa ni tarakimu 1 iliyorudiwa mara 31. Kompyuta inayotunza namba kwa biti 32 (yaani nafasi 32 za tarakimu 0 au 1) hutenga biti moja ya kuonyesha hasi au chanya, na hii ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea katika biti 31 zinazobaki.

Swali: Je, ni namba tasa? Na kabla ya kompyuta, nani aliweza kuthibitisha?

Ni tasa, na aliyethibitisha ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772. Njia ya kawaida ingemlazimu kuigawanya kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na sehemu, na namba tasa za kiwango hicho ni zaidi ya 4,700. Yeye alitangulia kuchunguza ni namba za aina gani zinazoweza kuwa vigawo. Tuchukue kigawo tasa chochote na kukiita p. Kwa kuwa 2³¹ huacha baki 1 inapogawanywa kwa p, na 31 yenyewe ni tasa, lazima p − 1 igawanyike kwa 31. Na kwa kuwa p ni witiri, basi igawanyike kwa 62. Tena, 2³² huacha baki 2, nayo ni mraba wa 2¹⁶; maana yake ipo namba ya mraba inayoacha baki 2 ikigawanywa kwa p, jambo linalodai kwamba p ikigawanywa kwa 8 iache baki 1 au 7. Ukiziunganisha hoja hizo, p ikigawanywa kwa 248 lazima iache baki 1 au 63. Kuanzia 2 hadi 46,340 namba za namna hiyo ni 373 tu, na nyingi kati yake si tasa, hivyo hazina haja ya kujaribiwa. Hakuna hata moja inayoigawanya bila baki. Nionavyo, uzuri wa hisabati uko hapa hasa: hoja mbili fupi zimeondoa zaidi ya tisa ya kumi ya kazi.

Swali: Basi kila kipeo cha 2 kikiwa tasa, kama 31, ukitoa 1 jibu nalo huwa tasa?

La. 2¹¹ ukitoa 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Hata mwanahisabati Marin Mersenne, katika orodha yake ya mwaka 1644 ya vipeo vinavyotoa namba tasa, alikitaja kipeo 67 kimakosa; mwaka 1903 mwanahisabati Frank Nelson Cole alionyesha kwamba 2⁶⁷ ukitoa 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287.

Swali: Namba hii inahusianaje na mwaka 2038?

Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Ile inayotumia biti 32 itafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na sekunde inayofuata itasomeka kama namba hasi, yaani Desemba 1901. Iliyohamia biti 64 haina hofu hiyo.