Khukuri kwa kuni: inafaa, ila si kwa kila gogo

Ndugu, umeuliza kama khukuri (kisu kikubwa kilichopinda) uliyoletewa kutoka Nepal inaweza kushika nafasi ya shoka. Kwa matawi ya unene wa mkono, naam. Gogo lenye vifundo liachie shoka.

Piga kwa tumbo la kisu, pale kinapopindia. Wahunzi wa kule hupafanya pagumu kuliko ncha na sehemu ya karibu na mpini, kwa hiyo ukipigia ncha makali hujikunja. Kikinasa, usikipindepinde.

Jihadhari pia na ala, yaani mfuko wa kisu: unapochomoa, vidole visizunguke upande wa makali, maana makali yanaweza kupasua ngozi ya ala na kukata vidole. Mpini ukicheza, acha kazi, mpelekee fundi. Na ikiwa ni ya mapambo ya watalii, itundike ukutani tu.