Jibu: Mbunifu wa nembo ananihoji tu, hachori

Mkuu, umeuliza kama huyo mbunifu wa Moshi anakuzungusha, maana bado anakuhoji wewe na wanunuzi wa kahawa yako, na nembo hujaiona. Hakuzungushi, hiyo ndiyo kazi yenyewe: anatafuta kwanza kinachoitofautisha kahawa yako na nyingine. Pita madukani pale mjini uangalie rafu: pakiti ngapi zina kilele cha Kibo chenye theluji? Na yako ikiwa hivyohivyo, mtalii ataitofautishaje?

Ila mdai akuonyeshe alichokipata, pamoja na michoro ya penseli, uikosoe kabla hajakaa kwenye kompyuta. Nembo aijaribu pia kwa rangi moja, kwa sababu kwenye mhuri na gunia wino ni mmoja tu. Mkimalizana chukua faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa kwa ukubwa wowote bila kuharibika. JPEG, faili la picha la kawaida, ukiikuza kwenye bango inapasuka, yaani inatoka na ukungu na vimraba.