Watalii wangapi wanatosha? Shangazi wa Msituni anajibu barua zenu

Barua za mwezi huu zimetoka Pemba, Kizimkazi na Maskati. Ambao hamjaona zenu, zipo, subirini zamu. Kwa wageni wa ukurasa huu: nimefanya kazi ya misitu Unguja mpaka nikastaafu, kwanza nikiwa mkata tiketi, kisha mfundishaji wa watembeza wageni. Hapa najibu maswali ya watu wanaoishi jirani na hifadhi na wanaotaka kula kwa jasho lao bila kuimaliza.

*Shangazi, shikamoo. Sisi ni jumuiya ya vijana na akinamama wa kijiji kimoja kaskazini Pemba. Tuna mikoko mizuri, na juu yake kuna miembe mikubwa wanakolala popo. Mfadhili ametuahidi fedha za kujenga njia ya mbao ndani ya mikoko, nyumba tano za wageni na gati dogo. Wazee wanasema tutauza kijiji, vijana wanasema tunachelewa. Mfadhili anataka mpango ulioandikwa ndani ya miezi mitatu. Tuanze wapi? — Katibu wa jumuiya, Pemba*

Marahaba, mwanangu. Anzeni na kikomo. Kabla hamjauliza bei ya mbao, kaeni mkubaliane ni watu wangapi wataingia kwa siku, na ikishafika idadi hiyo, anayekuja nyuma yao nani atamwambia arudi. Mipango mingi iliyopita mikononi mwangu ilikuwa na ukurasa mzima wa kuongeza wageni na haina hata mstari mmoja wa kuwazuia. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000. Kwenu hawahitaji kufika wengi hivyo. Mabasi mawili yakishusha watu kwa pamoja chini ya miembe hiyo, popo wenu watahama.

Kuipata idadi hakuhitaji mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Chukueni wavuvi wawili wazee, mama anayekwenda kuokota chaza, na kijana mmoja wa kuandika. Ingieni mikokoni siku ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, mrudi tena siku ya maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Tembeeni polepole na muandike: hapa tope linafika magotini, hapa ndipo akinamama wanapookota, hapa zinafungwa ngalawa, hapa miche inachipua. Njia ipite pasipo na chochote katika hivyo, hata kama pana mandhari duni kuliko mlivyotaka.

Halafu pigeni hesabu. Kundi moja ni wageni wanane na mtembezaji mmoja. Nane siitoi hewani: kule Bwindi, Uganda, wanaokwenda kuona gorila hawazidi wanane kwa familia moja ya gorila, na wakishakutana nao wanakaa saa moja tu. Pimeni mzunguko mzima unachukua muda gani kwa mwendo wa mtu mzima anayesimamasimama kupiga picha. Makundi mawili yasikutane njiani. Toeni saa ambazo maji yamejaa, toeni na saa za sala. Kilichobaki ndiyo idadi yenu. Ikitoka 48, iandikwe 48, isiandikwe "kama 50 hivi au zaidi", maana kwenye hilo "zaidi" ndimo watakamopitia.

Sasa mbao. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha zinapozama. Njia za namna hii zipo: kijiji cha Pete, Unguja, jirani na msitu wa Jozani, mnaweza kupanda boti mwende mkaione. Kenya ipo ya Mida, karibu na Watamu, ambayo kiingilio chake kinasaidia karo ya watoto wa sekondari wanaoishi pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mkifika Pete msitazame mikoko tu. Inameni mtazame chini ya mbao. Tazameni msumari ulivyoliwa na chumvi, nguzo ilivyotobolewa na wadudu pale maji yanapopanda na kushuka, na mbao gani zimebadilishwa, maana rangi yake ni mpya. Muulizeni mtembezaji ni lini mara ya mwisho fundi alikuja na nani alimlipa. Jibu lake lina faida kwenu kuliko ripoti ya kurasa mia.

Nguzo msizikate humohumo mnamotaka watu waje kutazama. Nasema kwa sababu nimeona ikifanywa. Mbao ziachiane upenyo wa kidole ili mwanga na maji vipite chini, na upana uwatoshe watu wawili kupishana bila mmoja kukanyaga mizizi. Masika mbao hushika ute wa kijani unaotelezesha, basi wekeni kamba au kishikio, na mtu wa kuzisugua. Katika kila tiketi tengeni sehemu ya matengenezo tangu siku ya kwanza, iwekwe kando, isiguswe hata kwa msiba. Mfadhili hupenda sana kukata utepe. Kubadilisha mbao iliyooza hatakuja.

Popo ndio mali yenu halisi. Huyu popo wa Pemba, mkubwa, hana kwao pengine duniani. Nyinyi wadogo hamkumbuki, lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kumalizika kwa kuwindwa na kuliwa na kwa kukatwa miti anamolala. Vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda, akarudi, leo wanahesabiwa kwa maelfu. Watu wa Kidike, hapohapo Pemba, walikuwa mbele katika hilo, na mpaka leo wageni wanakwenda kwao kutazama na kulipa. Nendeni mkakae nao siku moja kabla ya kuandika chochote.

Jambo ambalo mpango wenu ulikataze kwa maandishi ni kupiga makofi. Mtembezaji asiye na subira hupiga makofi au hutikisa tawi ili popo waruke na mgeni apate picha yake. Popo mama amembeba mtoto kifuani. Akikurupuka mchana mtoto anaweza kuanguka. Mgeni anayetaka kuwaona wakiruka mwambieni angoje magharibi, wataruka wenyewe, na kwa kungoja huko atanunua chai na mkate wa kumimina kwa akinamama. Mkishaandika hivyo, mmepanga biashara na mmemlinda popo kwa pamoja.

Nyumba tano za wageni ziacheni kwanza. Wageni walale Wete au Chake, waje kwenu asubuhi. Sababu yangu ni maji. Mgeni mmoja wa hoteli hutumia maji mara nyingi zaidi ya mwanakijiji, na kisima cha pwani kikivutwa sana huingia chumvi. Mkiona lazima mjenge, kajifunzeni Chumbe, kile kisiwa cha mnara wa taa wa mwaka 1904 kilicho kusini ya mji wa Unguja. Matumbawe yake yalitangazwa hifadhi 1994, na mpaka leo kina nyumba saba tu za wageni. Maji ni ya mvua, yanakingwa kwenye mapaa. Vyoo ni vya mboji, havimwagi kitu baharini. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa hapohapo, na hawabebi bunduki. Kwa umaarufu wake wangeweza kujenga zaidi. Hawakujenga.

Wazee wanaosema mtauza kijiji msiwacheke. Miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kumkodisha mwekezaji kisiwa cha Misali, wavuvi wakapinga kwa sababu ndipo wanapopiga dago, yaani kambi yao ya uvuvi. Mwaka 1998 ikatangazwa hifadhi, na wavuvi wakawa na sauti katika usimamizi wake. Waliopinga wakati ule walikuwa wazee kama hao wenu. Waulizeni wanaogopa nini hasa, maana "kuuza kijiji" ni neno la jumla. Mara nyingi chini yake kuna kitu kimoja kidogo: njia ya kwenda pwani itafungwa, au vijana watavaa wanavyovaa wageni, au gati litakaa pale wanapoanika nyavu. Gati linahamishika kwenye karatasi bila gharama yoyote. Likishamwagwa zege halihamishiki.

Fedha. Uzoefu wangu ni kwamba fedha za jumuiya haziibiwi sana kama watu wanavyodhani. Huliwa na vikao: posho ya kikao, soda ya kikao, nauli ya kikao kilichofanyika hatua ishirini kutoka nyumbani kwa mwenyekiti. Wekeni kikomo cha posho pia. Ubao utundikwe ukutani kwenye duka ambalo kila mtu ananunua sukari, na kila Ijumaa uandikwe wageni walioingia, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka. Mshika fedha awe mwanamke mwenye genge lake, aliyezoea kuhesabu.

Na mfikirieni anayeumia. Jozani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, hawajui mpaka. Wanatoka na kula mashambani. Mkulima alikuwa hana sababu ya kuwapenda mpaka sehemu ya fedha za watalii ilipoanza kufika vijijini. Kwenu atakayeumia ni mwenye miembe. Popo wanalala kwake, wanachafua kwake, wageni wanakanyaga muhogo wake. Huyo alipwe kwanza, kabla ya jumuiya kununua fulana.

Makaratasi ni marefu lakini hayatishi: anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, kisha Idara ya Misitu, ambayo ina utaratibu wa kuandikiana makubaliano na jamii juu ya msitu. Kwa ujenzi wowote pwani mtahitaji Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, na kwa biashara yenyewe Kamisheni ya Utalii. Miezi mitatu ya mfadhili ni michache. Mwambieni hivyo. Akikataa kungoja bamvua na maji mafu vipite, mmeshajua ni mfadhili wa aina gani.

*Bi Shangazi, mimi ni nahodha wa boti ya watalii Kizimkazi. Wageni wanataka kuogelea na pomboo. Nikikaa mbali, mwenzangu anasogea, wageni wangu wananuna na bakshishi inakwenda kwake. Nami nina watoto. Nifanyeje? — Nahodha*

Nahodha, peke yako hutaweza, na sitakudanganya. Ghuba ya Menai, ambamo Kizimkazi imo, ni eneo la hifadhi tangu 1997, kwa hiyo mamlaka ya kuweka masharti yapo. Asubuhi pale majini ndipo yanapokosekana. Utafiti uliofanywa kwa pomboo wa Kizimkazi hawahawa ulionyesha kwamba boti zikiwepo wanapunguza kupumzika na kula, wanakwenda tu. Pomboo asiyepumzika ataondoka, na wewe na mwenzako mtabaki mnagombania maji matupu.

Kikao kiwe cha manahodha wenyewe, barazani, kabla ya msimu. Mkubaliane mambo machache ambayo hata mtoto akiwa juu ya jabali ataona yamevunjwa: boti zisizidi mbili kwa kundi moja la pomboo, mkaribie kwa ubavu, asikatize mtu mbele yao, injini iwe chini, na baada ya nusu saa mwache wengine. Kuwarusha wageni majini juu ya vichwa vya pomboo kukome. Mwenye kuvunja akae zamu mbili bila abiria, na hilo lisimamiwe na anayepanga zamu, asiwe mjomba wa mtu.

Kuhusu bakshishi, maneno yako ya ufukweni yana kazi kubwa. Ukimwahidi mgeni "kuogelea na pomboo", umeshajifunga. Mwambie mnakwenda kuwatafuta, mkiwapata mtawatazama, kisha mtakwenda kuzamia kwenye matumbawe ambako samaki hawakimbii. Kofia na maji ya kunywa vikiwepo botini, wengi watashukuru hivyohivyo. Wachache watanuna. Waache wanune.

*Assalaam alaykum shangazi. Nimezaliwa Maskati, wazazi wangu ni wa Wete. Tulikwenda Ras al Jinz, ufukwe wa hifadhi huku Oman, kutazama kasa wakitaga: tulipangwa kwa makundi, kiongozi mbele, hakuna taa wala mwanga wa kamera. Desemba tunakuja Unguja na Pemba na watoto. Nitajuaje mahali panapotunza kweli na mahali palipoandika tu kwenye bango? — Mama wa watoto watatu*

Alaykum salaam, na karibuni nyumbani. Ras al Jinz wana bahati ya mlango mmoja. Fukwe zetu zina mvuvi, hoteli, muuza vinyago na mpira wa jioni, wote kwa pamoja. Kwa hiyo bango msilisome. Ulizeni risiti. Ulizeni mtembezaji anatoka kijiji gani na leo wameshaingia wangapi. Asiyejua idadi ya leo hana idadi. Kama ni hoteli, ulizeni maji machafu yanakwenda wapi, na mtazame uso wa anayejibu.

Jozani watoto watafurahi sana, maana kima punju huko wamezoea watu na hushuka chini. Msiwape kitu na msiwasogelee, hata mtembezaji akiwaambia haidhuru. Mafua ya mtoto wako yanaweza kumwambukiza kima. Waambieni pia kwamba kima hawa hula makaa ya kuni. Majani ya mkungu na mwembe wanayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa yanazituliza. Watoto hawatasahau hilo.

Pemba nendeni Kidike alasiri, mkae mpaka popo waruke. Misali mkienda, chukueni takataka zenu mrudi nazo, maana kule hakuna gari la taka. Na mmoja wenu akitaka kumshika kasa, mkatazeni kabla hamjapanda boti. Mkishafika ufukweni kwenye kiza, mtoto wa miaka saba hasikii la mtu.